Chukua pegi kwanza, ndio uwashe rimoti

Glaida, hii ndege ndogo ya rimoti isiyo na injini, ikipoteza rimoti haipigi kelele. Ndege ya injini utasikia mlio umebadilika na kila mtu uwanjani atageuza shingo, lakini glaida inaendelea tu kuzunguka pale juu kama mwewe, polepole, vizuri kabisa, wewe huku chini unasukuma stiki kushoto na haiendi kushoto, unavuta na haiinui pua, na kuna zile sekunde tatu ama nne unajiambia labda ni upepo. Mimi hizo sekunde nazijua. Ilikuwa huko nyika za Isinya, jua la Februari, glaida yangu ya mita 2 niliyoijenga miezi 3 usiku nikitoka kazini, ubavu mmoja mmoja kwa meza ya jikoni, na ilikuwa imeshika thamali (ile hewa ya moto inayopanda, sisi tumezoea kuiita hivyo) kama mita 150 juu. Halafu mzunguko ukaanza kukaza. Bawa la kulia likalala, pua ikaangalia chini, na kutoka hapo hakukuwa na la kufanya ila kupiga kelele watu waangalie juu.

Tukiwa tunaokota vipande akaja kijana mmoja anakimbia, rimoti iko mkononi, bado imewashwa, antena imevutwa yote. Alikuwa amefika kwa bodaboda dakika chache tu zilizopita, akaketi chini ya mgunga ulioko kando ya barabara, akafungua boksi lake akawasha aone kama servo, vile vimota vya kusukuma usukani, zinasonga. Chaneli 71. Na mimi nilikuwa 71. "Pole sana mzee, nilikuwa natesti tu," ndio alisema, na alikuwa karibu kulia.

Sikumlaumu na hata leo simlaumu. Ubao wa masafa, ule wa kuonyesha nani ameshika chaneli gani, tulikuwa nao, mzuri, umepakwa rangi, lakini tulikuwa tumeusimamisha katikati karibu na pale pa kurushia, mita kama 100 kutoka pahali watu wanashukia. Yaani mtu alitakiwa apite magari, apite mama wa chai, apite hema, ndio akutane na ubao unaomwambia asiwashe. Sasa mtu ametoka Kayole asubuhi na ndege mgongoni, amekaa na wasiwasi njia yote kama imegongwa na mizigo ya watu, kitu cha kwanza atafanya akishuka si ni kuiwasha aone iko sawa? Mimi pia ningefanya hivyo. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandaa, na ni siku hiyo nilisema hii kazi ya masafa nitaifanya mimi, na nimeifanya tangu hapo kila tukikutana.

Ubao siku hizi unasimama pale pa kushukia. Ndio kitu cha kwanza unaona kabla hata ya kusalimiana na mtu.

Wacha nieleze kwa wale wameingia kwa huu mchezo wakati kila kitu ni bendi mpya ya 2.4 GHz, juu naona wengi wanashangaa hizi pegi za nguo ni za nini. Seti za zamani, zile wazee wetu walipata kutoka Uingereza, zinatumia bendi ya 35 MHz. Ni bendi nyembamba sana, chaneli 55 iko 34.950, chaneli 60 iko 35.000 kamili, ya mwisho ni 90 nayo iko 35.300, na kati ya chaneli moja na jirani yake ni kHz 10 peke yake. Chaneli yako inaamuliwa na kristali, kile kidude kidogo cha chuma unachomeka kwa rimoti na mwenzake unamchomeka kwa risiva, ile inayopokea mawimbi ndani ya ndege. Na hiyo risiva haimjui mwenyewe. Imeambiwa sikiliza 71, basi inasikiliza 71, na wakiongea wawili kwa 71 inakuwa kama mtoto anayeitwa na watu wawili kutoka pande mbili za uwanja, haendi huku wala kule, anaganda, halafu anakimbilia aliye na sauti kubwa. Rimoti ya kijana ilikuwa chini ya mgunga, na ndege yangu wakati huo ilikuwa inazunguka karibu juu ya huo mgunga. Alikuwa na sauti kubwa kuniliko, basi.

Ukihesabu kutoka 55 mpaka 90 utapata chaneli 36, na mtu atauliza, mbona watu kumi na tano wagongane na chaneli ziko 36? Shida ni kristali. Nimezunguka barabara ya Luthuli pale Nairobi duka kwa duka na kristali yangu mkononi kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea, kila fundi anaigeuza anaiangalia anasema hizi hakuna. Kwa hivyo watu wanatumia zile zilikuja na seti, na seti nyingi zilikuja pamoja, unakuta watu watano wote wako 71 ama 77. Na usidhani unaweza kuazima tu ya jirani. Risiva ziko aina mbili kwa vile zinashughulikia mawimbi ndani, na kristali ya ile ya kubadilisha mawimbi mara moja haifanyi kazi sawa kwa risiva ya kubadilisha mara mbili, hata kama namba juu yake ni ileile, na za kampuni tofauti pia haziaminiki kuchanganywa. Nimeona mtu amechanganya, mezani ikafanya kazi vizuri kabisa, hewani ikafika mita 80 ikaanza kutetemeka.

Sasa pegi. Hapa ndio nataka nikae kidogo, manake ni kitu kidogo lakini kimeangusha ndege nyingi kuliko upepo.

Kuna njia mbili za pegi na ziko kinyume kabisa. Kwa njia ya kwanza, ubao ni wa klabu lakini pegi ni yako, imeandikwa jina lako, ukitaka kuwasha unaenda unaibana kwa namba ya chaneli yako, ukimaliza unaitoa. Hapo nafasi tupu inamaanisha chaneli iko huru. Kwa njia ya pili pegi ni za ubao, kila chaneli ina pegi yake moja, ukitaka kuwasha unaichukua unaibana kwa antena ya rimoti, ukimaliza unairudisha. Hapo nafasi tupu inamaanisha chaneli imechukuliwa. Umeona? Nafasi ileile tupu, kwa mmoja inasema karibu, kwa mwingine inasema usithubutu. Watu wa uwanja mmoja hawana shida, wamezoea ya kwao. Shida inakuja siku ya mkutano, wageni wametoka Nakuru, wengine Mombasa, mwingine alijifunzia ng'ambo, kila mtu anaangalia ubao na macho ya kwao. Mgeni anaona 65 iko tupu, anafurahi, anawasha. Na mwenye 65 yuko hewani na pegi imebanwa kwa antena yake.

Mimi nimejaribu zote mbili na zote nimeziona zikikosea. Ile ya pegi ya jina inakuambia ni nani ameshika chaneli, hiyo ni nzuri, unaita jina lake tu, lakini haizuii kitu, watu wawili wanaweza kubana pegi mbili pahali pamoja na mmoja asione. Ile ya pegi moja inazuia kweli, kama huna pegi huna pegi, lakini haikuambii iko wapi, na kila baada ya mkutano kuna mtu ameenda nayo nyumbani kwa mfuko wa jaketi, na Jumapili inayofuata hiyo chaneli imekuwa mateka. Kwa hivyo sisi tumeziunganisha. Ukitaka 71 unaleta pegi yako ya jina, unaibana kwa nafasi ya 71, na papo hapo unachukua pegi nyekundu ya 71 unaibana kwa rimoti yako. Ni kubadilishana. Nafasi haikai tupu hata siku moja. Ukiona nyekundu, chaneli iko huru, ukiona jina, nenda kwa huyo mtu muongee. Na mtu hawezi kwenda nyumbani na pegi yetu manake yake imebaki kwetu, atarudi tu.

Hata mgeni ambaye hajaelezwa anaangalia anaelewa. Hiyo kwangu ndio kipimo cha ubao.

Kuna jambo lingine ambalo kwa miaka hatukulielewa, na aliyelifumbua ni dada mmoja anafunza hesabu sekondari, sisi tunamwita Mwalimu, huwa anakaa na mimi kwa meza ya masafa. Tulikuwa tunapanga vikundi vya kurusha, watu wanne wanne, kila mmoja na chaneli yake, hakuna aliyegongana na mwenzake kwa karatasi, na bado kuna mtu mmoja kila mara analalamika ndege yake inashtuka hewani. Mwalimu akachukua orodha ya wale waliolalamika akaniambia, "Baba, hebu angalia hizi namba." Waliorusha pamoja walikuwa 70, 72 na 74. Aliyelalamika alikuwa 74.

Kumbe rimoti mbili zikiwa karibu, mawimbi yao yakiingia kwa nguvu kwa risiva moja yanachanganyika na kuzaa mtoto wa tatu ambaye hakuna mtu amemwasha. Unachukua chaneli moja unaizidisha mara mbili unatoa nyingine. Mara mbili ya 72 ni 144, toa 70, unapata 74. Hapo ndipo mtoto anaangukia, kwa kichwa cha yule wa 74. Upande wa pili, mara mbili ya 70 toa 72, ni 68. Kwa hivyo ukipanga chaneli kwa hatua zinazolingana, mbili mbili ama tatu tatu, vile inaonekana nadhifu kwa karatasi, ndio umeharibu kabisa. Mwalimu akatutungia sheria ambayo nimeiandika kwa mkono ndani ya jalada la daftari: tofauti kati ya chaneli zozote mbili za kikundi kimoja isijirudie. Mfano wake ulikuwa 60, 61, 64, 69. Kutoka 60 hadi 61 ni 1, 61 hadi 64 ni 3, 60 hadi 64 ni 4, 64 hadi 69 ni 5, 61 hadi 69 ni 8, 60 hadi 69 ni 9. Hakuna namba imerudi. Watoto wote wanaangukia pahali hakuna mtu. Tangu tuanze kupanga hivyo malalamiko ya kushtuka yamepungua sana, na mimi bado nashangaa vile jambo la hewani lilitatuliwa na kutoa na kujumlisha.

Pia tukajifunza vile watu wanasimama. Ukitawanya marubani kila pahali, huyu huku, yule kule mita 60, ndege ya huyu itapita siku moja karibu kabisa na rimoti ya yule. Iko mita 3 kutoka kwa rimoti ya jirani na mita 60 kutoka kwa yako, yaani mara 20 ya umbali, na kwa mawimbi mara 20 ya umbali ni mara 400 ya nguvu. Hapo hata kama chaneli ni tofauti risiva inazibwa masikio. Kwa hivyo marubani wote wanasimama pamoja, pahali pamoja, ili kila ndege iwe mbali na rimoti zote kwa umbali unaokaribiana. Pamoja lakini si bega kwa bega, tunaachana mita mbili tatu hivi, manake zikikaribiana sana ndio zinazaa wale watoto wa Mwalimu.

Halafu 2.4 ikaja. Kampuni ya Spektrum walianza kuuza seti zao 2005, wengine wakafuata, na polepole hata sisi tukafikiwa, leo kwa mkutano wetu watu wengi wako 2.4 na wachache tu, wazee na mimi, bado tuna 35. Na ni kweli imetatua ule msiba wa kijana wa 71. Risiva ya 2.4 unaifunga na rimoti yako, inakariri namba ya siri ya hiyo rimoti, na kuanzia hapo mtu mwingine akiwasha kando yako risiva yako haimsikilizi. Watu wakasema basi, pegi tupa, ubao choma. Mimi nilikataa na bado nakataa, na nitaeleza mbona.

2.4 haina msongamano wa kugongana, ina msongamano wa kelele. Bendi yenyewe inaanza 2400 inaishia 2483.5 MHz, na humo ndani hatuko peke yetu, kuna waifai, kuna spika za muziki, kuna droni, kuna kila kitu cha nyumbani. Hotspoti moja ya simu ikiwa na kazi inachukua upana wa MHz 20, hiyo ni karibu robo ya bendi nzima. Seti za kwanza za Spektrum zilikuwa zinatafuta nafasi mbili tulivu wakati unawasha na kukaa hapo hapo mpaka uzime. Sasa umewasha saa tatu asubuhi uwanja ukiwa na watu wanane, umepata nafasi zako tulivu, saa tano watu wamejaa, familia zimekuja, simu 100 kwa mifuko, na nafasi zako si tulivu tena na wewe uko juu mita 200. Seti za siku hizi zinaruka kutoka nafasi hadi nafasi mara nyingi kwa sekunde, hizo zinavumilia zaidi, lakini kuvumilia si kutoguswa.

Kuna mkutano mmoja tulirusha kwa mtindo wa F5J, ule wa glaida yenye mota ndogo, mota inakubaliwa sekunde 30 peke yake ya kupanda halafu unazima na kutafuta hewa, lengo ni dakika 10 na kutua kwa alama. Uzuri wa F5J ni kwamba wote wa kikundi wanatoka pamoja, ubaya ni kwamba wote wa kikundi wanatoka pamoja. Siku hiyo rafiki wetu mmoja kwa nia nzuri kabisa alikuwa ameleta ruta ya waifai akaiweka ndani ya hema la marubani ili watu wa nyumbani waone mkutano moja kwa moja kwa simu. Kikundi cha kwanza rimoti mbili zikaanza kulia, ile sauti ya kukuambia risiva inasikia vibaya. Hakuna iliyoanguka, Mungu mkubwa. Tukatoa ruta tukaipeleka karibu na magari, kama mita 60, na tukaibadilisha ikawa kwa GHz 5. Kelele zikaisha. Tangu hapo tuna sheria kwamba marubani, na yule anayekushikia saa, wanaingia pahali pa kurushia na simu ziko hali ya ndege. Watu hulalamika kidogo, halafu wanazoea.

Wale wa F3K, zile ndogo za mita 1.5 unazizungusha na kutupa kwa mkono, wanahitaji neno lao peke yao. Mwili wa nyingi ni nyuzi za kaboni, na kaboni inazuia 2.4 kabisa. Antena ya 2.4 ni fupi, ile sehemu inayofanya kazi ni kama mm 31 tu, kwa hivyo mtu anaikunja anaificha ndani na kila kitu kinaonekana safi. Ukiificha ndani ya kaboni umeifunga kwa sufuria. Ndio maana watengenezaji wengi wanatengeneza pua kwa nyuzi za Kevlar, ili mawimbi yapite, na kama yako ni kaboni mpaka mbele basi toboa antena zitoke nje, mbili, zielekee pande tofauti, usione haya kutoboa ndege nzuri. Uwanja ukiwa mtulivu hutaona tofauti, utaiona siku ya msongamano, na hiyo ndiyo siku umewaalika watu.

Kwa hivyo hata 2.4 wana pegi kwangu. Pegi zao ni za kijani, na hazina namba ya chaneli, ni idadi tu. Tumekubaliana ni kumi, si kwa hesabu ya kitaalamu, ni kwamba macho ya watu na nafasi ya kutua yanaanza kushindwa kabla ya bendi kushindwa. Pegi kumi zikiisha unangoja na chai yako. Na rimoti zote, za 35 na za 2.4, zinakaa kwa meza yangu zimezimwa mpaka zamu ya mwenyewe ifike. Kabla ya kurusha mara ya kwanza hiyo siku, unaweka rimoti kwa nguvu ndogo, msaidizi anashika ndege, unarudi hatua 30 ukisongesha stiki uone kama bado inatii. Hicho kipimo usikiache ati una haraka.

Wa droni za miwani, wale wanarusha wakiona picha ya kamera ya droni ndani ya miwani, nimekuwa nikigombana nao, lakini kwa upendo, juu wao ni vijana na wanakuja na nguvu nyingi. Picha zao ziko 5.8 GHz kwa hivyo hawatugusi sisi, wanajigusa wenyewe, mmoja akiwasha kwa chaneli ya mwenzake aliye hewani yule mwingine anaona theluji kwa miwani. Kwao pegi ni lazima kuliko hata sisi. Lile jambo linanisumbua ni moduli za rimoti za kufika mbali wanazoagiza mtandaoni bila kusoma. Zile za 915 MHz zimetengenezewa Marekani, ambako kuanzia 902 hadi 928 ni huru. Hapa mitandao ya simu iko kwa bendi ya 900, kwa hivyo unapowasha hiyo uko ndani ya shamba la mtu, na huyo mtu ana minara. Nunua ya 2.4. Binamu wa mmoja wetu pia alileta seti ya 72 MHz kutoka Marekani, seti nzuri bado iko kwa karatasi, nikakataa iwashwe. Huko 72 ni ya ndege ndogo, ina chaneli zake 50 toka 11 hadi 60, lakini masafa hapa nchini yanagawanywa na Mamlaka ya Mawasiliano, si na boksi la dukani. Anga nayo ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kanuni zao za vyombo visivyo na rubani za 2020 zisome kabla hujaalika watu, usiniulize mimi kwa simu usiku.

Vilima vya Ngong ni habari nyingine. Upepo ukitoka mashariki unapiga ule ubavu unaoangalia Nairobi na kupanda, unaweza kukaa hewani mpaka betri iishe, na mimi hakuna pahali napenda kama pale. Lakini juu kuna milingoti ya mawasiliano, na karibu nayo nimepima hatua zangu 30 na risiva ikaanza kubabaika kwa 22. Nikasonga kilima kimoja mbele ikarudi sawa. Na vile vilima vina tabia ya kuficha watu. Wewe uko kwa kimoja na ubao wako na pegi zako, na kuna mtu kwa kingine kilomita moja hivi, hamuonani, hajui kuna ubao, lakini ndege zenu zinaonana na rimoti zote mbili bila kitu katikati. Ubao mmoja hauwezi kutumikia vilima viwili. Tulichofanya ni kukubaliana siku ya Ngong ni kilima kimoja tu, na kabla ya mtu yeyote kuwasha 35, mmoja wetu anatembea mpaka kile kingine na kurudi. Anatembea kweli, kwa miguu. Tulijaribu kuuliza kwa WhatsApp na tukakuta mtu ambaye hayuko kwa grupu ndiye huwa yuko pale.

Yule kijana wa 71 bado anakuja. Alihamia 2.4 mwaka uliofuata na kristali zake akanipa mimi, zile mbili, kwa hivyo kwa uwanja wetu 71 iko na mtu mmoja tu siku hizi. Glaida niliijenga tena, pua ni mpya, bawa la kushoto ndilo lile la kwanza.

Mkutano ujao tukijaliwa ni baada ya mvua za Mei kukauka, nyasi zikiwa fupi. Ukija, njoo na pegi yako mwenyewe, ya mbao si ya plastiki, na jina uliandike kwa kalamu isiyofutika pande zote mbili, manake mwezi uliopita nilibaki na pegi tatu ambazo jasho limefuta jina, na sijui mpaka leo nimrudishie nani.